Boti imevunja safari: jinsi ya kuirejesha arubuni yako

Sauti ya WhatsApp aliyonitumia mwenye boti haikufika nusu dakika. "Asalaam alaykum sheikh wangu. Mashine imekataa, ile safari ya Alkhamisi haitowezekana. Msiwe na wasi, tutapanga nyengine inshaallah."

Nilikuwa Darajani, mjini Unguja, wakati huo, nimesimama mbele ya duka la zana za uvuvi, mkononi nina pakiti mbili za ndoana kubwa ambazo sijazilipia bado. Wenzangu watano walikwishaomba ruhusa kazini. Tiketi za meli ya kwenda Mkoani, Pemba, zilikwishakatwa. Na shilingi 1,200,000 zetu za arubuni, yaani malipo ya awali, zilikuwa mikononi mwake wiki ya tatu sasa.

Nikamjibu: "Hakuna tabu sheikh."

Maneno hayo matatu yalitugharimu siku 41. Hakuwa mtu mbaya, wala sheria haikuwa upande wake. Tulichokuwa nacho sisi ni muhali, na muhali ndio unaokula arubuni nyingi hapa kwetu kuliko utapeli. Mtu ni jamaa wa fulani, tumesali naye msikiti mmoja, katuomba radhi kwa adabu. Basi unaona haya kumuuliza pesa zako zinarudi lini. Yeye naye anaona umenyamaza, anazila taratibu.

Safari yetu ilikuwa ya usiku tatu kwenye mkondo wa Pemba, ule mkondo wa kina kirefu baina ya kisiwa na Mrima, kurambaza sulisuli na jodari mchana na kulala ufukweni usiku kama wavuvi wa dago. Bei yote shilingi 3,000,000, arubuni asilimia 40. Mwongozo huu nimeuandika kwa safari za namna hiyo, za mbali, ambazo mwenye boti hulazimika kununua mafuta, barafu na chakula kabla hamjapanda. Lakini ukikodi jahazi la harusi, gari ya kwenda shamba au nyumba ya wiki moja Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, njia ni ile ile.

Kwanza jua arubuni ni pesa ya nani

Watu wengi wanaamini kwamba arubuni ikishatolewa ndiyo imekwenda. Imani hiyo ina asili yake, ila imekatwa nusu. Arubuni ni pesa ya kumfunga mnunuzi: ukighairi wewe, muuzaji anabaki nayo kwa usumbufu uliomtia. Hata hapo pana khitilafu kubwa baina ya wanazuoni. Wengi wao, pamoja na madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, hawaikubali biashara ya arubuni ya kupotea. Madhehebu ya Hanbali ndiyo yanayoikubali. Lakini angalia vizuri: hata wanaoikubali wanazungumzia mnunuzi aliyeghairi. Hakuna anayesema kwamba aliyepokea akivunja mwenyewe, abaki na pesa. Nimeitumia hoja hii mbele ya watu wazima barazani na sijamuona aliyeipinga.

Sheria ya serikali inafika pale pale kwa njia nyengine. Sheria ya mikataba ya Zanzibar asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na humo mna mambo matatu ya kukusaidia. Makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili madhali pana ahadi, malipo na nia. Anayevunja mkataba hulipa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunja kwake. Na mkataba ukishindikana kutekelezwa bila kosa la mtu, aliyekwishafaidika nao hurejesha alichopokea. Kwa hiyo, akivunja kwa makusudi, pesa zinarudi. Akivunjiwa na bahari, pesa zinarudi. Tofauti ni kwamba katika hali ya kwanza unaweza kudai na hasara zako nyengine juu yake.

Jambo moja tu linaweza kuigeuza hesabu: mlichokubaliana kabla. Kama uliandikiwa "safari ikiahirishwa kwa upepo, mteja atapewa tarehe nyengine ndani ya miezi mitatu" na ukalipa ukijua, basi kwa upepo utapewa tarehe, si pesa. Rudi kwenye mazungumzo yenu uyasome upya kabla hujaanza kupiga simu kwa hasira.

Siku ile ile: usiseme "hakuna tabu"

Ujumbe wa kuvunja safari ukifika, jibu lako la kwanza ndilo litakaloamua mengi. Usitukane, usinyamaze, na usikubali tarehe nyengine kwa adabu tu. Ukisema "sawa, tutapanga", baadaye atadai kwamba mlikubaliana kuahirisha, na atakuwa na ushahidi wa maneno yako mwenyewe.

Andika, usipige. Kama amekupigia yeye, zungumza naye kwa uzuri, kisha ukikata simu mtumie ujumbe unaorudia aliyoyasema. Maneno ya kutosha ni haya:

"Wa alaykum salaam. Nimepata taarifa yako ya leo Jumatatu kwamba safari ya Alkhamisi umeivunja kwa sababu ya mashine. Pole kwa hilo. Sisi hatutoweza tarehe nyengine, kwa hiyo tunaomba urejeshe arubuni yetu shilingi 1,200,000 kwa nambari hii hii tuliyokutumia. Tuambie ni siku gani utaituma."

Ona kwamba ujumbe huo umebeba vitu vinne bila ya ukali: nani kavunja, sababu aliyoitoa, kiasi, na suala la siku. Akijibu "inshaallah wiki ijayo", mrudie kwa upole: "Wiki ijayo siku gani?" Inshaallah yenye tarehe ni ahadi, bila ya tarehe ni dua.

Kama kweli unaitaka tarehe nyengine, ikubali, lakini kwa maandishi na kwa sharti: tarehe kamili, boti gani, bei ile ile, na kwamba ikivunjika mara ya pili pesa zinarudi ndani ya siku saba. Usikubali tarehe ya kati ya Machi na Mei kwa safari ya bahari kuu, wakati wa masika, wala usitegemee sana Juni na Julai kusi likiwa limekaza. Mwenye boti anayekupa tarehe hizo anajua anachokifanya, au hajui bahari. Yote mawili si mazuri kwako.

Kusanya kabla hayajafutika

Siku hiyo hiyo, kaa chini dakika ishirini. Piga picha za skrini za mazungumzo yote, tangu salamu ya kwanza, huku jina na nambari yake zikionekana juu. Ujumbe wa muamala wa simu usiufute. Ule wenye nambari ya kumbukumbu, jina la aliyepokea, kiasi na saa ndio risiti yako. Kama umefutika, kampuni ya simu itakutolea taarifa ya miamala ukienda dukani kwao na kitambulisho. Sauti za WhatsApp zihifadhi nje ya simu, mtumie mwenzako mmoja au zipeleke kwenye barua pepe yako. Tangazo lake la bei na picha za boti, hayo nayo piga picha, maana matangazo hufutwa usiku.

Kama mlilipa taslimu bila stakabadhi, bado hujapotea. Mtumie ujumbe unaotaja zile pesa: "zile laki sita nilizokupa mkononi pale Malindi Jumamosi". Asipokanusha, akajibu tu kuhusu safari, umeshapata kitu. Na waliokuwepo waandike majina yao na walichokiona, watie saini na tarehe, angali kila mmoja anakumbuka.

Pia jua unamdai nani hasa. Hapa ndipo watu wanapojichanganya, khasa wakipitia kwa dalali au papasi, wale vijana wanaotafuta wateja mitaani. Kuna mwenye boti, kuna nahodha, kuna kijana aliyekuletea bei, na kuna nambari ya simu iliyopokea pesa, ambayo mara nyengine ni ya mke wa mtu. Mdai yule mliyeelewana naye na aliyepokea, wote wawili kwa ujumbe mmoja, na muulize dalali mbele ya mwenye boti: "Zile pesa ulimfikishia?" Suali hilo moja hutoa majibu ambayo wiki mbili za simu hazitoi. Dalali aliyepokea kwa niaba ya mwenye boti, na mwenye boti akalijua hilo, hawezi mwenye boti kusema "mimi sikupokea chochote". Lakini kama dalali alikuwa anauza boti asiyotumwa kuiuza, basi mtu wako ni dalali, na ukimkazania mwenye boti utapoteza wakati na utajipatia adui usiyemhitaji.

Kama wanatumia jina la kampuni, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, BPRA, ana daftari la majina ya biashara na kampuni. Ukitafuta humo utajua jina lililoandikwa ubavuni mwa boti ni la nani, au kama halijasajiliwa kabisa.

Sababu aliyoitoa: ipime

Sababu ya kuvunja ina uzito, kwa hiyo usiipokee tu wala usiibeze.

Akisema upepo, hilo linapimika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na zinatangazwa hadharani. Angalia siku ile palikuwa na tahadhari au la, na uihifadhi. Ikiwa ilikuwepo, mshukuru. Sote tunaikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012. Nahodha anayekataa kutoka upepo ukiwa mbaya, huyo ndiye wa kusafiri naye siku nyengine. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar nayo ikizuia vyombo kutoka, hana la kufanya. Lakini upepo unamwondolea lawama, haumpi pesa zako. Hapo unadai arubuni peke yake, kwa sauti ya chini, na kama tayari alinunua barafu na chakula kwa ajili yenu na ana risiti, ni uungwana kuzungumza mgao.

Akisema mashine, muulize fundi gani, na itatengemaa lini. Mashine mbovu ni shughuli yake, si yako. Sisi Ijumaa, siku moja baada ya ile Alkhamisi ya safari yetu, mwenzetu mmoja alifungua hali za WhatsApp akaiona boti ile ile, na mashine ile ile nyeusi yenye kibandiko chekundu kilichobanduka upande mmoja, imebeba wageni wanane, wanacheka. Hakutufungia tusione, alisahau tu kwamba tumo kwenye simu yake. Tukapiga picha ya skrini na hatukumwambia. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Ushahidi wa namna hiyo ukiutupa mapema kwa hasira, kesho utapata maelezo mapya. Ukiuweka, utakuja kukufaa siku atakaporudia habari ya mashine mbele ya mtu wa tatu.

Akisema idadi haikutimia, muulize kama alikwambia tangu mwanzo kwamba safari inategemea idadi. Kama hakusema, sharti hilo halipo.

Fanya hesabu ya kweli

Andika karatasini unachodai, mstari kwa mstari. Yetu ilikuwa hivi: arubuni 1,200,000, kubadilisha tarehe tiketi za meli kwa watu sita, 60,000, sanduku la barafu tulilokodi, ambalo mwenye sanduku alikataa kuturejeshea pesa yake, 30,000. Jumla 1,290,000.

Hatukuweka ndoana, kwa sababu ndoana ningezitumia siku nyengine. Hatukuweka "usumbufu". Hatukuweka mishahara ya siku za ruhusa, kwa sababu ruhusa tuliifuta. Unachodai kiwe hasara aliyoweza kuijua wakati mnaelewana, na ambayo wewe umejaribu kuipunguza. Tiketi unayoweza kuibadilisha kwa elfu kumi usiidai yote. Ukidai milioni mbili kwa pesa ya milioni moja, sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, wa kwanza atakayeiona karatasi yako atakuona wewe ndiye tapeli.

Kama mlilipa kwa dola, dai dola, na uliseme hilo mapema. Shilingi ya leo na ya miezi minne baadaye si moja.

Njia za malipo na nafasi zake

Kwa mtandao wa simu, fahamu kwamba kurudishiwa muamala na kampuni ya simu ni kwa aliyekosea nambari, tena kabla ya pesa kutolewa. Aliyemtumia mtu kwa kujua hasaidiwi kwa njia hiyo, na ukidanganya kwamba ulikosea, unajiharibia. Pesa zitarudi kwa yeye kuzituma. Basi mwambie tangu mwanzo: "na ya kutolea". Kwa pesa nyingi makato si kidogo.

Kwa benki, kama ulihamisha mwenyewe kwenda akaunti yake, PBZ au nyengine yoyote, benki haitoitoa pesa kwenye akaunti ya mtu kwa neno lako. Lakini taarifa ya benki ni ushahidi mzuri kuliko wote, na jina la mwenye akaunti limo humo.

Kwa kadi ya Visa au Mastercard ndiyo njia yenye meno zaidi, na wengi wetu hatuitumii. Huduma iliyolipiwa kwa kadi na haikutolewa, unaweza kuipinga kwenye benki iliyokupa kadi, nayo ikaidai benki ya aliyelipwa. Muda wa kawaida ni siku 120, na kwa huduma ya baadaye huhesabiwa tangu siku uliyotarajia kuipata. Jamaa zako wa Uingereza au Oman walioweka nafasi kwa kadi kwa ajili ya familia, waambie wasisubiri ahadi za "wiki ijayo" mpaka muda huo ukapita. Benki itataka mazungumzo yanayoonyesha kwamba mwenye huduma ndiye aliyevunja, na kwamba uliomba pesa zako kwanza. Ndio maana ule ujumbe wa siku ya kwanza una thamani.

Barua ya madai

Ahadi ya pili ikivunjika, acha kupiga simu. Tulichelewa hapa; sisi tulingoja mpaka siku ya 19, baada ya "wiki ijayo" tatu. Wewe andika barua, chapa nakala mbili, mpelekee mkononi ukiwa na mtu, asaini nakala yako kwamba kaipokea. Akikataa kusaini, mtu uliyekwenda naye aandike hivyo chini ya barua, siku na saa. Kisha itume picha yake kwa WhatsApp.

Yetu ilikuwa ukurasa mmoja:

"Kwa mwenye boti. Tarehe fulani tulielewana nawe safari ya kuvua, usiku tatu, kuondokea Mkoani, kwa bei ya shilingi 3,000,000. Siku hiyo tulikutumia arubuni shilingi 1,200,000, muamala nambari kadha. Tarehe fulani, siku tatu kabla ya safari, ulitujuulisha kwamba umeivunja. Tumekuomba pesa zetu. Umetuahidi mara tatu, kwa tarehe hizi na hizi, na haikufika. Tunaomba utulipe shilingi 1,290,000 kama zilivyoorodheshwa hapa chini kabla ya saa kumi jioni ya siku ya saba tangu leo. Kama huwezi zote kwa pamoja, tuandikie utalipa kiasi gani na siku gani. Ikipita siku hiyo bila ya jawabu, tutalipeleka suala hili kwa sheha wako na kwenye vyombo vinavyohusika."

Hakuna vitisho vya polisi humo. Deni la safari iliyovunjwa ni daawa ya madai. Polisi ni pahala pa mtu aliyekuuzia boti asiyo nayo, aliyetumia jina la bandia, au aliyewachukulia watu kumi arubuni ya siku moja. Hapo pana udanganyifu, na ripoti mapema. Lakini kumtisha mtu kwa jela ili akulipe deni, kunakuharibia wewe.

Mitandao nayo vile vile. Najua raha ya kumuanika mtu na picha ya boti yake. Ila ukikosea jambo moja tu katika hayo uliyoyaandika, umempa njia ya kukugeukia kwa kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu Zanzibar pia. Nimeona mtu mwenye haki ya laki nne akiishia kuomba radhi.

Kwa sheha, halafu kwengine

Nenda kwa sheha wa shehia anayokaa mdaiwa, si wako. Chukua barua, miamala, picha, na mtu mmoja tu wa kwenda naye. Mkienda sita mnaonekana mmekwenda kupigana. Sheha si hakimu na hawezi kumlazimisha, lakini anamjua, anamjua na baba yake, na wito wake ni mzito kuliko barua ya wakili kwa watu wengi wa bandarini.

Kikao chetu kilikuwa baada ya Alasiri, barazani, juu ya mkeka. Mwenye boti alikuja na ami yake. Akaanza: mashine, fundi, spea zimekwama. Sheha akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akanigeukia. Nikampa simu, ile picha ya Ijumaa. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka kile kibandiko chekundu kikajaa skrini, akampa ami. Ami akaiangalia muda mrefu. Hakumwambia kitu mwana wa nduguye, aliuliza tu, "Wanakudai ngapi?"

Tukaandikiana pale pale, mkono wa sheha: laki saba ndani ya siku nne, laki tano mwisho wa wiki ya pili baada yake. Zile 90,000 tulizisamehe. Wenzangu wawili hawakupenda, lakini mimi naona pesa kubwa yenye tarehe na mashahidi ni bora kuliko hesabu kamili inayoendelea kubishaniwa. Karatasi ya sheha, ikiwa na saini za pande mbili, ukienda nayo mahakamani si tena habari ya nani alisema nini. Ni mtu aliyekiri deni.

Sheha akishindwa, milango ni hii. Kama aliyekuvunjia ana leseni ya kutembeza watalii, Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo inayompa leseni, na malalamiko ya maandishi huko humuuma pahala pake. Kama ni boti ya uvuvi tu isiyo na leseni ya utalii, Kamisheni haina cha kumnyang'anya. Kwa mtumiaji yeyote aliyeuziwa huduma asiipate, ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyoundwa kwa sheria Namba 5 ya 2018, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mtumiaji. Peleka barua na viambatisho, usiende na maneno matupu, na uchukue nambari ya jalada.

Mahakama ni mlango wa mwisho lakini si wa kuogopwa. Madai madogo huanzia mahakama za chini, kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe. Muulize karani kiwango cha madai yako kinafunguliwa wapi na ada yake ni ngapi. Ada hiyo iongeze kwenye madai. Usiende kwa Kadhi kwa jambo hili, ingawa hoja ya arubuni ni ya kifikihi. Mahakama ya Kadhi inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana nayo. Kama hujui kuandika hati ya madai, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikisaidia watu tangu 1992, Unguja na Pemba.

Pesa zikianza kurudi

Laki saba zilikuja siku ya 30, saa nne usiku, bila salamu. Ukilipwa kidogo, jibu hapo hapo: "Nimepokea 700,000 katika 1,200,000. Imebaki 500,000, ya tarehe fulani. Ahsante." Ukisema "nimepokea, ahsante" peke yake, kesho utaambiwa mlimaliza. Na ukiwa umechangiwa na wenzako, gawa kila kinachokuja kwa uwiano siku hiyo hiyo na ukionyeshe kwenye kundi, vyenginevyo ugomvi utahama kutoka kwa mwenye boti uje kwako.

Laki tano zilifika siku ya 41. Hakuweka ya kutolea. Nikalipia mimi.

Mwezi wa Disemba, kaskazi ilipoanza kutulia asubuhi, tulikwenda na boti nyengine, ya mzee mmoja wa Kojani. Kabla ya kumtumia shilingi nilimwandikia mistari miwili: "Tukighairi sisi ndani ya siku saba za mwisho, arubuni ni yako. Ukighairi wewe, kwa sababu yoyote, hata upepo, inarudi yote ndani ya siku tano." Nilikaa nikiiangalia simu, muhali umenishika kama siku ile ya Darajani, nadhani kakasirika.

Akajibu baada ya Magharibi: "Mie sina neno. Ila na nyinyi mfike kwa wakati, maji hayamngoji mtu."